Baba mkwe aliniita muongo kwa sababu ya hummingbird wa Pickering

Wakuu, habari za mchana. Mke wangu naye yumo humu jukwaani, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Niko Pickering, pembeni ya Toronto. Nyuma ya nyumba nimetundika feeder, kichupa chekundu cha maji ya sukari, kwa ajili ya hummingbird. Kwa msiomjua, ni ndege mdogo sana, anasimama hewani halafu anarudi rivasi.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia baba mkwe, aliyeko Muheza.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni ndege chozi tu, wa kunyonya maua, hapa kwangu wamejaa. Ndege wa kupiga rivasi umemtoa wapi? Leta picha!"

Akaenda kuniita muongo kwenye group la familia, mashemeji wote wanasoma. Tangu siku ya posa ananiona mtu wa maneno mengi. Iliniuma, sifichi.

Bahati nzuri mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nikaapa hataondoka kabla sijapata picha. Nikanunua kamera used, nikawa najificha nyuma ya pazia kila asubuhi kabla ya shift.

Wiki ya kwanza nilipata picha nzuri sana za feeder tupu. Ukibonyeza, kiumbe kishaondoka.

Wiki ya pili wakawa wanakuja, wanachovya mdomo, wanatimka. Baadaye hawakuja kabisa. Nikamlaumu paka wa jirani bure.

Siku nashusha feeder kuiosha, nanusa... iliki! Na tangawizi kwa mbali.

Mama mkwe hata hakubabaika. "Baba Neema, mgeni anakuja kwako asubuhi unampa maji ya sukari matupu? Mimi niliona aibu."

Binti yangu Neema akadakia, "Bibi, they only drink sugar and water!"

"Ndiyo maana hawanenepi," akajibu bibi yake.

Sasa mama mkwe utamgombeza? Nikaosha chombo, nikaweka sukari na maji tu. Zilibaki siku nne asafiri.

Asubuhi ya safari, mama kajifunga kanga nyekundu, kaenda kusimama chini ya feeder kuwaaga "wageni" wake. Naomba Mungu mama asogee pembeni, mara ndege huyo! Kumbe wanapenda sana nyekundu. Akaacha feeder, akasimama hewani mbele ya kanga, akarudi rivasi, akaja tena. Mama anacheka, mikono juu. Nikabonyeza kama nimepagawa.

Picha arobaini. Kwenye zote ndege ni kidoa cha ukungu. Mama mkwe katoka safi mpaka pengo linaonekana.

Nikatuma moja hivyo hivyo, nikasubiri kuchekwa.

Mzee akajibu kwa voice note, sauti ya chini. "Ndege simwoni. Ila mke wangu sijamwona akicheka hivi tangu tumzike mdogo wake. Nisafishieni hii, kubwa."

Wakuu, nikaenda kuisafisha kubwa, mama akasafiri nayo.

Funzo: mgeni mpe anachokunywa yeye, siyo unachokunywa wewe.

Juzi mama kanipigia. Picha iko ukutani sebuleni, na mzee anawaonyesha watu kile kidoa: "Mnamwona huyo? Huyo anapiga rivasi!"

Wataalamu wa kamera, nipeni shutter speed ya kumnasa. Wa kuniita muongo nanyi karibuni, ila mjue mzee hayuko tena upande wenu.