Ukuta Wenye Rangi ya Ukoko

Miaka ya tisini, nilipomaliza shule, nilikaa nyumbani kwetu Mji wa Kale mpaka nikajichukia. Kazi moja tu ndiyo iliyoniita: kutembeza watalii Ngome ya Yesu. Nami niliitaka, wallahi, kwa roho yangu yote. Mtihani wake ulikuwa kuieleza ngome kwa Kiingereza, ukurasa mmoja.

Nikaandika kama tulivyofunzwa. Shuleni sote tulikariri mifano ya kupambia insha, na aliyeijaza mingi ndiye aliyesifiwa. Basi ukuta wangu ukawa mweupe kama theluji, tena wa kale kama milima.

Msimamizi, mtu wa makamo kutoka bara, alisoma kisha akaniangalia.

"Binti, theluji umeiona wapi?"

"Sijaiona, bwana."

"Na ukuta huu ni mweupe?"

Ukuta wenyewe ulionekana pale dirishani, na haukuwa mweupe hata kidogo. Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Akanipa karatasi nyingine, akasema niirudishe kabla ya adhuhuri, la sivyo nafasi atapewa mwengine.

Nikatoka, nikasimama mbele ya ukuta ule niliopita chini yake tangu utotoni. Jua lilikuwa limeupiga. Subhanallah. Ulikuwa na manjano, na hudhurungi, na pembeni weusi kama wa kuungua kidogo, na vijishimo vya matumbawe kila mahali. Rangi hii nimeiona wapi? Jikoni kwetu. Ni ukoko wa wali wa nazi, mamangu akiukwangua chini ya sufuria na kunitilia mimi sahanini. Sikujua kumbe Kiingereza nacho chaweza kuingia jikoni kwa mamangu. Neno la ukoko sikuwa nalo, kwa hivyo nikaandika kwamba ukuta una rangi ya wali ulioshika chini ya sufuria, ule ambao mama humwekea mwanawe.

Msimamizi alisoma polepole. Akavua miwani, akaiweka mezani. Nikajua kazi nimeikosa.

"Kwetu ni ugali," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ule ukoko wa chini. Mama alikuwa akinibandulia mimi, wenzangu wakanuna."

Akageuka, akautazama ukuta. Kisha akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu.