Siku Tulipoizika Timu Yetu

Mama hakuwahi kukanyaga uwanjani hata siku moja, ingawa mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa golikipa wetu. Kila Jumapili ya mechi alibeba jembe na kapu, akashika njia ya shamba lake la mihogo kando ya mto Naviundu, mbali kabisa, ili kelele za mashabiki zisimfikie. Alikuwa amesikia kwamba golikipa hurusha kichwa chake kwenye miguu ya watu. Alikuwa amekwisha kumzika mume, na hakuwa tayari kuzika mtoto kwa sababu ya mpira. Basi kabla ya kuondoka aliniita mimi, mtoto wake wa mwisho, akaniambia maneno yale yale, kwamba mimi ndiye wa kurudi na kaka yangu:

"We njo utarudia naye. Usikuye hapa peke yako."

"Ndiyo, mama," nilijibu kila mara, kama mtu anayeitikia amina kanisani huku akili yake iko kwingine.

Kwa misimu mitatu nilirudi naye. Tulipofika nyumbani Ruashi, mama alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamgusa magoti, akaingia jikoni kusonga bukari, ugali wetu. Hakuuliza kama tumeshinda au tumeshindwa.

Timu yetu haikuwa mojawapo ya zile kubwa za mjini. Ilikuwa timu ya mafundi wa karakana, makarani, na mwalimu mmoja wa hesabu aliyecheza pembeni kulia na kupiga krosi zisizofika popote. Jezi zilikuwa nyekundu zamani. Kwa kufuliwa sana zilikuwa zimebaki na rangi ya matofali. Mwaka ninaousimulia tulipigwa na kila aliyetaka kutupiga. Tulipigwa nyumbani, tukapigwa ugenini, tukapigwa na timu moja iliyofika na wachezaji kumi kwa sababu wa kumi na moja aliugua njiani.

Lazima niseme ukweli kuhusu hasira yetu. Haikuwa yote ya mpira. Shaba ilikuwa imeshuka bei, poso, mgao wetu wa unga kutoka kazini, ilikuwa inachelewa, na ilipofika ilikuwa na wadudu. Jumamosi tulifagia barabara kwa salongo, kazi ya lazima, halafu tukaimba kukisifu Chama na kupiga makofi. Uchungu ungeupeleka wapi? Mkubwa wa kazi humfokei. Chama hata ndotoni hukisemi vibaya. Lakini golikipa! Golikipa ungeweza kumtukana mchana kweupe mbele ya umati, na hakuna aliyekuandika jina. Wiki nzima tulikuwa wanaume wapole. Jumapili tulikuwa simba, na nyama yetu ilikuwa kaka yangu.

Yaya, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, hakuwa golikipa mbaya. Alikuwa golikipa wa timu mbaya. Tofauti hiyo niliijua vizuri, na bado Jumapili ile, bao la tano lilipoviringika taratibu katikati ya miguu yake, nilisimama nikamtukana kwa sauti kuliko wote. Nilitaka watu wasinihesabu upande wake. Aligeuka kutazama jukwaa, na sijui mpaka leo kama aliitambua sauti yangu.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho, yaya alipita kwenye tundu la ukuta nyuma ya goli, akaenda zake. Nilimwona. Kazi yangu ilikuwa kumfuata. Nikabaki na mashabiki.

Mkubwa wetu wa mashabiki alikuwa mchomeleaji, mtu mwenye maneno, anayeweza kuchekesha hata msibani. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kutayarisha sanduku refu la mbao, lililokuwa la vipuri vya mashine, wakalichonga mpaka likafanana na jeneza. Alilipanda akatangaza mazishi ya timu:

"Leo tutazika hii équipe! Ilikufa zamani, iko nanuka, banabakisha tu kuizika!"

Tulishangilia kuliko tulivyowahi kushangilia goli. Kwanza tulipitia kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu kutafuta kitambaa cheupe cha kufunika sanduku. Fundi huyo alikuwa Mwislamu, mzee wa watu wa Maniema, na babu yake alitoka pwani. Ndiye aliyeshona bendera ya timu, na ndiye aliyeshona sanda za watu wa dini yake. Alituangalia kwa juu ya miwani, cherehani yake ikinyamaza.

"Kitambaa iko," alisema, "lakini kwa hiyo kazi sikupe. Bakubwa balisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Papa, ni muchezo tu!" mchomeleaji akamjibu.

"Kufa haina muchezo. Muende."

Tulicheka, tukaondoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyuma ya pazia la duka lile, hatua tatu kutoka tuliposimama, yaya alikuwa amekaa na kikombe cha chai mkononi, anasikia kila neno.

Sanduku tupu, lisilo na kitambaa, lilionekana kama sanduku la vipuri tu. Mzaha ulikuwa unaanza kupoa. Hapo ndipo mimi nilipokimbia nyumbani, nikatoa ukutani glovu za zamani za yaya na jezi yake ya msimu uliopita, nikarudi nikavitandaza juu ya mbao. Hakuna aliyenituma. Nalisema hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilitumwa. Watu walinipigia makofi, mchomeleaji akanikumbatia, nami nikaona fahari. Ndiyo, fahari.

Wanawake wa kundi la mashabiki, wale walioimba uwanjani, walifunga vitambaa vichwani na vitenge kiunoni, wakatangulia mbele wakilia. Wanawake wetu wanajua kulia. Walimtaja golikipa, wakamsifu, wakamuuliza anatuachia nani. Kwenye njia panda vijana wa Chama walitusimamisha, wakauliza ni nani aliyekufa na nani katoa ruhusa ya maandamano. Mchomeleaji akaeleza. Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo.

"Kama ni ya mupira, mupite," wakasema.

Mpango ulikuwa kuliweka sanduku mbele ya mlango wetu, kuimba wimbo mmoja, kisha kutawanyika. Tuliliweka. Tukaimba. Lakini hakuna kati yetu aliyefikiri juu ya kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua. Kilio kikisikika kwenye uwanja wa nyumba, jirani haulizi. Kuuliza ni ukatili. Unafunga kitambaa, unachukua ulicho nacho, unaingia ukilia. Jina la marehemu na habari za ugonjwa wake utapata baadaye, ukishakaa chini.

Basi wakaja. Wa kwanza walikuwa wanawake wa avenyu ya pili, wakiwa na bakuli za unga na kuni vichwani. Waliona sanduku. Waliona jezi na glovu za mtoto wa jirani yao. Walianguka chini wakalia, na kilio chao hakikuwa na mchezo. Wakaja wengine kutoka upande wa soko. Wanawake wa mashabiki, kwa kuona wenzao wanalia kweli, nao wakaanza kulia kweli. Nadhani kila mmoja alimkumbuka maiti wake. Mchomeleaji alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaanza kumwambia mtu mmoja mmoja, "Mama, sikia, haina vile," lakini nani humsikiliza mwanamume anayenong'ona kwenye kilio? Walimpa pole.

Halafu wakafanya linalofanywa. Wakaingia ndani, wakatoa meza, wakatoa viti vinne, wakatoa kabati dogo la vyombo, wakapanga vyote nje kwenye vumbi, ili wafiwa wakae sakafuni. Nilisimama pale nikaiona meza yetu inapita mlangoni miguu juu. Ningeweza kupiga kelele. Sentensi moja ingetosha: yaya yuko mzima, ni mchezo, na glovu nimezitoa mimi. Sehemu ile ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ukweli bila ya kujitaja, na nilipokuwa bado natafuta, mama akatokea kwenye kona.

Alikuwa na kapu la sombe, majani ya mihogo, kichwani. Aliona viti vyake nje.

Kwetu mwanamke akiona viti vyake nje, haambiwi kitu zaidi. Kapu lilianguka, majani yakamwagika. Macho yake yalinitafuta mimi kwanza, kabla ya sanduku, kabla ya jezi. Alinikuta nimesimama peke yangu.

"Uko wapi naye?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

Ndipo akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, hata miaka ya vita sikulisikia. Alijitupa chini, akajiviringisha kwenye vumbi toka barabarani mpaka penye sanduku, akalikumbatia, akapiga kichwa juu ya mbao. Wanawake walimshika wanne wakashindwa. Alimwita yaya kwa jina la utoto, jina ambalo mashabiki hawakulijua. Nilipiga magoti kando yake nikasema, "Mama, iko muzima, iko muzima," naye akanisukuma kama unavyosukuma mbuzi.

Yaya alitoka dukani kwa fundi akikimbia. Alikuwa ameijua sauti. Watu walipomwona anaingia langoni, na jasho la mechi bado limemkaukia usoni, kilio kilikatika mara moja. Wengine walikimbia, mwanamke mmoja aliruka ua wa miti akaacha kiatu chake, na siku nyingine yoyote tungecheka mwezi mzima. Mama peke yake hakuacha kulia. Yaya alimshika mabega, akamwambia kuwa ni yeye mwenyewe, "Mama, njo mi. Angaria." Mama akamgusa miguu, akamgusa magoti kama Jumapili zote, na bado alilia. Alilia mpaka sauti ikaisha.

Fundi cherehani alikuwa amemfuata yaya taratibu na fimbo yake. Alilitazama sanduku, akatutazama sisi. Afadhali angetutukana.

Wanawake waliosalia hawakujua wafanye nini na unga. Unga wa kilio haurudi nyumbani kwa aliyeuleta. Ukiurudisha, unarudisha na kifo. Basi wakawasha moto wakapika. Tulikaa chini katika uwanja wetu, na mtu tuliyemlilia akakaa katikati, akanawa mikono, akala bukari ya kilio chake mwenyewe. Alikula tonge tatu. Kisha akaniuliza polepole nani aliyezitoa glovu zake, bila ya kunitazama:

"Ile gants ilikuwa ku musumari. Ni nani aliitosha?"

Nilijifanya natafuna. Hakuuliza tena, si siku ile, si maishani. Alizichukua glovu juu ya sanduku, akazikung'uta vumbi, akazirudisha kwenye msumari wake.

Mchomeleaji alikuja wiki iliyofuata na kuku mweupe kuomba radhi. Mama alimpokea kuku, akamsamehe, akamkaribisha maji. Timu ilishuka daraja, kama kila mtu alivyojua. Yaya alidaka mechi zilizobaki, na mama aliendelea kwenda Naviundu kila Jumapili na jembe lake. Ila hakuniita tena kabla ya kuondoka. Yale maneno yake, kwamba nirudi na yaya, sikuyasikia tena. Nilijisemea kwamba amesahau, au kwamba amezoea mpira. Mtu hujisemea mengi.

Miaka ikapita. Yaya alihamishiwa kazi mji wa Kambove, akaacha kucheza, akawa anafundisha vijana wa huko kudaka. Homa ilimshika Jumatatu. Alhamisi niliitwa, na nilipofika nilikuta wamekwisha kumfunika. Nilimleta nyumbani kwa lori, nimekaa nyuma kando ya jeneza, nikilishika kwa mikono miwili kila gurudumu lilipoingia shimoni. Njia nzima nilikuwa naliogopa lile yowe. Nilikuwa najiambia, safari hii nitalistahimili, maana safari hii ni la haki.

Tuliingia Ruashi mchana. Viti vilikuwa vimekwisha kutolewa nje. Waliniambia mama alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, hakutaka kusaidiwa. Alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa kichwani, miguu ameinyoosha. Wanawake walilia pande zote, na yeye macho yake yalikuwa makavu. Nilisikia mmoja ananong'ona kwamba mzee huyu amekuwa na roho ngumu. Nilitaka kumwambia mwanamke yule kwamba machozi yake tuliyamaliza sisi, mchana mmoja wa Jumapili, kwa sababu ya mabao matano.

Tuliliteremsha jeneza mbele yake. Alinyoosha mkono akaligusa, mahali ambapo magoti yangekuwa. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akinitazama usoni hasa.

"Leo unarudia naye," akasema.