Jina la Baba Mdogo Kwenye Ukurasa wa Marehemu

Juzi nilimkuta binti yangu akipanga jarida la shule yao kwenye kompyuta, nikamkumbuka mama mdogo Koku, aliyekuwa akitengeneza jarida la parokia pale Bukoba.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, nilikuwa naye ofisini; palinuka vumbi lililopashwa joto na kompyuta, na printa ilikuwa ikikwaruza. Mama mdogo alikuwa akijaza ukurasa wa marehemu, uliokuwa ukirefuka kila mwezi miaka ile ya UKIMWI. Niliamini kwamba jina likishaingia kwenye kile kisanduku chenye mstari mweusi kwenye ukurasa ule, mwenyewe lazima afe.

"Mwandike na baba mdogo Rwegasira," nikasema.

Huyo alikuwa mdogo wake baba. Baba alipozikwa tu, alitufukuza mimi na mama kwenye kibanja chetu kule Muleba, migomba ikiwa na mikungu.

"Mbona huyo hajafa, mwanangu?"

"Najua. Mwandike afe."

Mama mdogo alitazama mlango, kisha akaliandika jina taratibu, akalikoleza kwa herufi nene.

"Na mkewe?" akauliza.

"Hapana. Yeye alitupatia blanketi."

Tulilitazama jina lile kwa muda mrefu, kwa raha, kabla hajalifuta.

Miezi mingi nilisubiri habari za msiba kutoka Muleba. Badala yake baba mdogo alikuja mjini kuuza kahawa, amenenepa, nami nikadhani mashine ya parokia ni mbovu.

Leo najua kompyuta haiui mtu. Lakini kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba mama mdogo alilifuta.