Hamira Yapanda Cheo

"Zuio la Muda la Kuingiza Malighafi ya Nishati Katika Majengo ya Umma." Ndivyo lilivyosomeka tangazo jipya mlangoni mwa ofisi ya serikali. Malighafi yenyewe ilikuwa ndoo ya maandazi. Afisa mmoja wa Kilwa alikuwa ametoka semina Lindi, alikofundishwa kwamba wataalamu wamebadili vinasaba vya hamira ili itoe asidi za mafuta za kutengenezea sabuni na dizeli. Nikiwa kwenye foleni ya huduma pale mlangoni, nilimwona akimzuia muuza vitafunwa wa ofisi yao.

"Shikamoo, mama. Humu kuna hamira?"

"Marahaba. Imo, mwanangu. Bila hamira yangeumuka kwa dua?"

"Basi lete kibali cha mafuta na mtungi wa kuzimia moto."

"Na yakipoa nani atayanunua? Hamira yangu haijasoma, mwanangu. Inaumua tu."

Elimu ikashinda. Mama alijitwika ndoo akaenda stendi, maandazi yakaisha yote. Saa nne ofisi nzima, afisa akiwemo, ilikunywa chai kavu.