Tulivyoisubiri Serikali Ije Kudai Mahari Yake

Habari hii nikiisimulia, punguani ni mimi. Nakubali mapema, tusipotezeane muda.

Niliishia darasa la saba, ila mdomo wangu ulifika mbali zaidi. Siku hizo nilikuwa nauza mitumba minadani, leo Sapiwi, keshokutwa Mwamapalala, na kazi ile ukiwa bubu unalala njaa. Niliwahi kumuuzia mzee koti la kike, lina vifungo vya maua, akaenda nalo kanisani kifua mbele. Nyumbani walishazoea kwamba nikifungua mdomo watu wanashika mbavu. Mimi nilizoea vibaya zaidi.

Mwenye kichwa cha vitabu alikuwa dada yangu. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu kabla yake, mwanamke wala mwanaume. Ilikuwa ile miaka ya tisini, miaka ya kuchangia kila kitu. Pamba tunawauzia wanunuzi binafsi, wanakuja na malori yao na mizani yao ya ajabu. Hospitali unachangia, shule unachangia, bado kufa tu. Chuoni nako serikali ilikuwa inawapa wanafunzi mkopo, wenyewe wanauita bumu: hela ya kula na ya vitabu ya muhula mzima, unapewa kwa mkupuo.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, mama alikuwa anaongoza ng'ombe wa plau. Dume moja likashtuka, likamkanyaga, paja likavunjika. Hospitali pale Bariadi wakamfunga mguu kwa kamba na uzito unaning'inia, wakasema hiyo ni miezi. Nyumbani tulikuwa wanaume watupu. Sasa nani amwogeshe mama? Tukapiga simu ya upepo, ile redio ya kanisani, dada akaaga chuoni, akarudi. Alikuwa amesoma wiki saba tu.

Aliondoka kwa utaratibu, fomu akajaza. Hela ya wiki ambazo hatasoma alirudi nayo kwenye bahasha, hajaigusa. Chuoni walimwambia asubiri barua yenye hesabu yake. Bahasha akampa baba, baba akaitia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda.

Barua ilifika mwezi wa kwanza kwa sanduku la kanisa. Kiingereza kitupu. Dada akamsomea baba kwa Kisukuma, polepole: hela ya wiki ambazo hukusoma irudi kabla ya mwisho wa mwezi wa pili. Ikirudi, nafasi yako ipo, utaanza tena mwaka ujao. Isiporudi, jina linafutwa.

Basi. Habari nzima ndiyo hiyo, na hela ilikuwepo. Lakini kwetu hata kuku hauzwi bila kikao, kwa hiyo Jumapili baba akawaita wadogo zake wawili. Tumekaa uani, ugali umeletwa, dada akapiga magoti, akasema, "Baba, naomba kesho niende Shinyanga benki, waitume."

Baba mdogo mkubwa akasema, "Ngoja kwanza. Wanataka yote?"

"Hapana, baba. Zile wiki saba nilizosoma wamezikata."

"Wamezikata?"

Hapo ndipo shetani akanigusa. Nikasema, "Si ndiyo mahari hiyo! Mke akirudi kwao ng'ombe wanarudi, ila wa watoto aliozaa wanakatwa. Dada kazaa wiki saba."

Wakacheka wote. Baba mdogo mwingine akapaliwa na ugali, ikabidi apigwe mgongoni. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Haya, baba," nikasema, "shangazi aliporudi kwa babu, babu alirudisha ng'ombe?"

"Hata mkia," baba akasema.

"Kwa nini?"

"Utarudishaje ng'ombe hujadaiwa? Hapo si umetangaza mwenyewe kwamba ndoa imekufa."

"Na mume akafanyaje?"

"Msimu wa pili akaja mwenyewe na kondoo. Akamchukua mke wake."

"Sasa mkwe wetu ni serikali," nikasema. "Bado anamtaka mtoto. Nyie mnakimbia kumrudishia vitu vyake, si mnamwambia hatukutaki? Mwacheni aje. Akifika tunamsalimia mwangaluka mkwe, kigoda hiki hapa."

Nisiwadanganye. Nilianza kwa utani, lakini nilipofika katikati nikaanza kuamini. Nilivyokuwa nayapanga yale maneno, niliona kabisa yanasimama.

Dada akasema, "Baba, serikali haiji. Ikishaleta barua, ndiyo imekuja."

"Barua haina miguu, ngosha," baba mdogo mkubwa akaniambia mimi, mwanaume mwenzake, kama vile mimi ndiye niliyesema, na wakacheka tena.

"Kuna tarehe, baba," dada akasema.

Nikadakia, "Mkwe anayekupangia tarehe ana haraka. Na mwenye haraka ndiye anayependa!"

Baba akajifuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. Akasema, "Tusubiri. Wakija tutawapa, hela yao ipo."

Watu wa mjini nikiwaambia hili wanadhani baba alitaka kula ile hela. Baba hakuigusa hata shilingi. Mama alipodaiwa hela ya dawa hospitali, baba aliuza mbuzi wawili, kopo likabaki palepale. Alikuwa anaitunza kama unavyotunza ng'ombe wa watu. Aliposema wakija tutawapa, alimaanisha.

Tukasubiri. Mama alisharudishwa nyumbani, mguu bado haukanyagi, na dada aliendelea kumwogesha, kufua, kuteka maji. Kila baada ya siku mbili tatu alikuwa anamwambia baba, "Siku zinaisha," na baba anamjibu, "Sijaona mtu." Mimi nikaona nimepata mchezo. Gari lolote likitimua vumbi barabarani napiga kelele, "Mkwe huyo! Leteni kigoda!" Anashuka bwana mifugo, au kijana wa mnunuzi wa pamba anauliza njia. Watoto wa jirani wakaudaka ule utani, wakawa wanamwita dada mke wa serikali. Yeye alikuwa anapita na ndoo yake kichwani. Niliona. Nikaendelea.

Mwezi wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha. Mwezi wa nne mama alishaanza kutembea kwa fimbo, ndipo ikaja barua nyingine, fupi, mistari haifiki mitano. Dada aliisoma amesimama. Halafu akanipa mimi.

"Soma."

Kiingereza changu mimi ni cha kwenye marobota ya mitumba. Niliona jina lake pale juu, basi.

"Sijui, dada."

"Wamenifuta," akasema.

Baba akaleta kopo lote lilivyo. Akatupatia na nauli, tukapita Maswa mpaka Shinyanga, tukapanda treni mpaka Dar es Salaam. Chuoni tulimkuta karani mmoja wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Akahesabu, imetimia. Akaandika risiti. Mimi nikajua mambo yameisha.

Dada akauliza, "Na nafasi yangu?"

"Dada, hii tunapokea kwa sababu ni deni, ungelipa tu. Nafasi haipo tena. Tarehe ilipita."

"Hela tulikuwa nayo tangu mwanzo," dada akasema.

"Sasa mlikuwa mnasubiri nini?"

Mdomo wangu ndio ukajibu. Nikamweleza yule karani habari ya mahari, ya shangazi, ya kondoo, ya mkwe na kigoda. Akaanza kucheka. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, "Njoo umsikie Msukuma huyu! Hebu rudia, kijana." Nikarudia, safari hii kwa madoido, na mikono. Walicheka mpaka yule wa pili akaegemea ukuta. Nikajua nimewapata. Minadani mteja akicheka hivyo, nguo imeuzika.

Karani akavua miwani, akaifuta, akamsogezea dada risiti. "Umenifurahisha, kijana," akasema. "Ila jina limeshafutwa. Aombe upya kama wengine."

Aliomba upya, akakosa. Akaomba tena, akakosa. Mwishowe akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa, kuandika uzito wa marobota, kazi ya msimu. Kwenye vikao vya baba nikawa sialikwi tena.

Miaka miwili hivi ikapita, siku moja nikamfuata dada kiwandani wakati wa chakula. Nywele zake zilikuwa zimejaa nyuzi za pamba. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, nilikuwa natania tu, wenye maamuzi walikuwa wazee.

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Barua niliisoma mimi," akasema. "Siku ile nilisema mara tatu, nimepiga magoti. Wewe ukawachekesha."