Nimefunga Breki

Mume wangu hakuamini gereji. Alisema ukimpelekea fundi wa gereji tatizo moja, utarudi nyumbani na matatu. Kwa hiyo van yetu, iliyokuwa kuukuu kuliko ndoa yetu, aliitengeneza mwenyewe uani kwetu Bwera, amelala juu ya gunia, miguu tu ikionekana, nami nikimpitishia spana na kumkosoa.

Yeye ni Mkonzo wa pale pale mpakani, na Kiswahili chake alikiokota sokoni Mpondwe, kwa Wakongomani. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji upande wa Kasese, nami nikakulia katika Kiswahili cha kwetu. Tulielewana vizuri tu. Ndivyo nilivyodhani.

Katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuvuja mafuta ya breki. Alishinda chini ya gari tangu asubuhi, akatoka uso umejaa grisi, akaniambia, "Mama watoto, nimefunga breki."

Kwetu, fundi akisema amefunga kitu kwenye gari, maana yake amekiweka mahali pake, bolti zimekazwa, kazi imekwisha. Nikamwambia Mungu ambariki, nikamtengea maji ya kuoga. Nilipoendesha, pedali iliyokuwa ikizama mpaka chini ilikuwa ngumu kabisa. Nikasema, kumbe nimeolewa na fundi!

Baadaye likavuja la nyuma la kulia. "Nimefunga," akasema, nami nikashukuru tena. Kweli gari lilichelewa kusimama, lakini gari zee lina tabia zake, nikajizoeza kukanyaga mapema. Halafu likaja la mbele la kushoto. Hilo alilifunga Jumapili, tulipotoka kanisani.

Kesho yake nilikwenda Ibanda kumchukua mama yangu, aliyekuwa amekwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Njia nzima, kila nikikanyaga breki, usukani ulivuta kulia. Nilidhani ni tairi. Nikasimama Kasese likajazwa upepo, nikaendelea.

Tulipokuwa tukirudi, mama alikaa mbele, kikapu cha ovakado magotini. Kwenye mteremko nikakanyaga breki. Gari likaruka kulia, kuelekea mto uliokuwa ng'ambo ya barabara, usukani ukanitoka mikononi. Nikaachia, nikakanyaga tena. Kulia tena! Mama akaanza kumwita Yesu kwa Kiluhya. Nikarudisha gia mpaka ya kwanza, injini ikapiga mayowe, nikalikwaruza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto mpaka likazima. Ovakado zilikuwa zimetapakaa miguuni petu. Mama alikuwa mzima.

Nilikuwa nimepitisha spana za kutosha kujua pa kuanzia. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikaingia chini ya gari kutafuta mafuta yanavujia wapi. Sikuona hata tone. Nikalifuata kwa kidole bomba la breki, lile jembamba la chuma, hadi karibu na gurudumu la nyuma la kushoto. Lilikuwa limekunjwa na kupondwa kwa nyundo likawa bapa, mafuta yasipite. La kulia vilevile. La mbele kushoto vilevile, alama za nyundo zingali zinang'aa. Nilishtuka nikasahau hata kwamba nimelala barabarani. Breki ilikuwa imebaki gurudumu moja.

Nikampigia mume wangu, akiwa sokoni Mpondwe.

"Umeziba mabomba ya breki!"

"Ndiyo," akajibu, bila wasiwasi wowote. "Si nilikuambia nimefunga?"

"Umefunga nini?"

"Njia ya mafuta, mama watoto. Ilikuwa inamwangika, nikafunga. Kila mara nilikuambia."

Kweli aliniambia. Mara zote tatu, nami nikasema asante. Hasira zangu zilikosa pa kushika, nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unaliendesha hivyo hivyo, kila siku, na ule mteremko wa kwenda forodhani?"

Nilisikia wachukuzi wakipigiana kelele nyuma yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa naogopa sana. Asubuhi naomba Mungu kwanza, ndiyo napanda. Lakini wewe, nakuambia nimefunga, unasema asante, unapanda, unaenda. Nikasema, kama bibi yangu haogope, mimi mwanaume nitasema nini?"

Mama alikuwa amesimama kando yangu, ananitazama, kiatu kimoja hana.

"Baba watoto," nikamwambia, "mimi sikujua. Ukisema umefunga, nilidhani umetengeneza."

Nikamsikia mume wangu, katikati ya soko la Mpondwe, mbele ya watu, analia kwa sauti.