Anyesi Atakiwa Kuitubia Hadithi

Anyesi hakuweza kutulia. Ukimkuta ameinjika maharage, ujue yataungua, maana yuko nyuma ya nyumba anamwozesha mtu kwenye karatasi. Tulisoma naye shule ya misheni. Mimi nilitoka na kusoma na kuandika, yeye akatoka na ugonjwa huo. Wanaume wa kijiji chetu, Elerai, walipokuwa wakiwanung'unikia Waingereza kwa habari za ardhi, yeye alikuwa akigombanisha wakwe kwenye daftari.

Kitabu chake cha kwanza kilichapwa mjini kwa Mhindi mmoja, chembamba, jalada la waridi. Kinaanza hivi: "Nilimpenda mume wa dada yangu tangu siku alipoleta ng'ombe wa mahari."

Sasa, miaka ile ya uamsho, watu wetu walikuwa wakisimama kanisani na kueleza dhambi zao kwa machozi. Hadithi za mapenzi tulikuwa hatuzijui. Kitabu kikasomwa kwa sauti kwa akina mama wa kushona, na kabla chai haijapoa kila mmoja alishajua kwamba Anyesi ametoa ushuhuda.

Loishiye, mzee wa kanisa, akamwita.

"Mama Mika, kukiri umekiri vizuri. Imebaki kutubu mbele ya kundi."

"Shikamoo kwanza, baba. Nitubu dhambi ya nani?"

"Ya huyo wa kitabuni."

"Huyo hayupo. Nimemtunga."

"Basi umetunga dhambi, mama. Hiyo nayo si ndogo."

Wangekuwa wazee peke yao, asingejali. Shida ilikuwa Nashilu, dada yake wa tumbo moja, mke wa Sifael. Nashilu hakujua kusoma, alisikia tu. Wakikutana mferejini kuteka maji, anageuza uso. Anyesi akitubu, atabaki kwenye meza ya Bwana lakini dada atasadiki kabisa kwamba alimtamani mumewe. Akikataa, anatengwa. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," nikamwambia.

"Nikikaa nitatubu."

Jumapili akaitwa mbele. Akasema, "Shemeji yangu Sifael sijamtamani hata siku moja. Siwezi kumwomba Mungu msamaha kwa uongo." Akatoka kwa mlango mkubwa, mgongo umenyooka. Wakamtenga kabla ya wimbo wa mwisho.

Kesho yake Nashilu akaingia kwa Anyesi bila hodi, kile kitabu mkononi.

"Nisomee. Usiruke hata neno."

Anyesi akasoma amesimama, mguu huu, mguu ule. Mimi nilikuwa nachambua mchicha na sikuthubutu kuinua kichwa. Akafika pale yule mwanaume anapomtua mwanamke mzigo wa majani ya ng'ombe, na kuubeba mwenyewe hadi nyumbani.

"Ngoja," Nashilu akasema. "Anambebea majani? Mchana, watu wanaona?"

"Anambebea."

"Na huyo ndiye wanasema Sifael?"

"Ndivyo wanavyosema."

Nashilu akacheka mpaka akashika ukuta. "Sifael! Nilikuwa na mimba ya mwanetu Manase na kikapu changu hakukigusa!" Akavuta kigoda, akakaa. "Endelea. Huyo mwanaume simjui, lakini nataka kumjua."

Kanisani hawakumrudisha Anyesi kwa muda mrefu. Jumapili wenzake wakiimba, yeye alitembea kando ya mfereji akiongea peke yake, anatafuta kitabu cha pili. Na Nashilu, ibada ikiisha, hata viatu vya kanisani havui; anapitiliza huko huko kumuuliza amefika wapi.